Breki inayong'ang'ania: Kazi ya kufanya nyumbani, na mahali pa kumwachia fundi

Gari limetoka kupeleka watoto shule. Mwendo haukuwa mkali na njia haikuwa na mlima. Lakini likiegeshwa uani, tairi moja la mbele linatoa harufu ya kitu kinachoungua, na rimu yake ina joto ambalo tairi la upande wa pili halina.

Madereva wengi husingizia foleni. Wengine husema gari limechoka, wakaendelea nalo wiki nzima. Foleni hupasha moto breki za pande zote mbili. Joto la tairi moja peke yake lina maana nyingine: breki ya tairi hilo imekamata na haiachii vizuri, hata baada ya dereva kuondoa mguu kwenye pedali.

Tatizo hili ni la kawaida kwa magari madogo ya familia, hasa yale yaliyoingia nchini yakiwa yametumika. Ukanda wa pwani wenye unyevu na chumvi hewani, madimbwi ya masika, na gari kukaa wiki kadhaa bila kutembea huharakisha kutu kwenye vyuma vya breki.

Habari njema kwa mzazi ni kwamba chanzo kimoja kikubwa cha tatizo hili kinaweza kushughulikiwa nyumbani na mtu makini mwenye vifaa sahihi. Lakini vipo vyanzo vingine visivyofaa kuguswa uani. Na kazi yenyewe, ikifanywa ovyo, inaweza kumuumiza mtu nyumbani kabla hata gari halijarudi barabarani.

Kwa nini lihesabiwe suala la afya

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), majeraha ya ajali za barabarani ndiyo yanayoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Si ajali zote hutokana na breki. Hata hivyo, breki ni sehemu ya gari ambayo mzazi anaweza kuikagua mwenyewe kabla ya kuwapakia watoto.

Breki iliyong'ang'ania huharibu mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, gari huvuta upande mmoja, na dereva akifunga breki ghafla linaweza kuyumba. Pili, pedi za upande huo huisha haraka hadi chuma kikakutana na chuma. Tatu, joto lake husafiri hadi kwenye mafuta ya breki.

Hilo la tatu ndilo baya zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji.

Mafuta yakichemka hutoa mvuke ndani ya paipu. Mvuke hubonyea, mafuta hayabonyei. Dereva hukanyaga pedali ikaenda hadi chini, na gari lisisimame. Kwa familia inayoshuka Kitonga au Sekenke na mizigo ya likizo, hapo ndipo tairi lililokuwa likinuka kidogo mjini linapogeuka janga.

Hatari ya nne iko nyumbani. Mtoto anayekimbilia gari lililorudi na kushika rimu ya tairi hilo anaweza kuungua kiganja.

Kalipa hufanyaje kazi

Nyuma ya rimu kuna sahani ya chuma inayozunguka pamoja na tairi, nayo ni diski. Kuna kifaa kinachoikumbatia diski hiyo kama kiganja, ambacho mafundi hukiita kalipa. Ndani yake mna pedi mbili, moja kila upande wa diski, na pistoni inayosukumwa na mafuta ya breki.

Dereva akikanyaga, pistoni husukuma pedi ya ndani. Kalipa nzima nayo huteleza kwenye pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Dereva akiachia, vyote hulegea kidogo na diski huzunguka huru.

Kikwazo hutokea sehemu tatu. Pini zinaweza kukauka grisi au kushika kutu. Pistoni inaweza kukwama baada ya mpira wake wa kuzuia vumbi kuchanika na maji kuingia. Au paipu ya mpira inayopeleka mafuta inaweza kuoza kwa ndani, ikaruhusu mafuta kwenda lakini yasirudi, ingawa kwa nje inaonekana nzima.

Pini ni kazi ya nyumbani. Pistoni na paipu ni kazi za fundi.

Kulitambua tairi lenye tatizo

Endesha gari kwa dakika kumi au kumi na tano kwenye njia tambarare, ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha kulia na kushoto. Tofauti kubwa ya joto inatosha kukuonyesha tairi la kuanza nalo.

Usimwage maji ya baridi kwenye diski yenye moto. Chuma kinaweza kupinda au kupata ufa. Acha gari lipoe lenyewe, saa moja au zaidi, na watoto wakae mbali nalo.

Dalili nyingine ni gari kuwa zito kuondoka, mafuta kuisha haraka kuliko kawaida, rimu moja kujaa vumbi jeusi kuliko nyingine, na pedi ya ndani kuwa nyembamba sana huku ya nje bado nene, au kinyume chake.

Kama matairi yote mawili ya mbele yanakamata kwa pamoja, usifungue kitu. Hapo tatizo huenda liko kwenye pampu kubwa ya breki, na ni la fundi. Kama ni la nyuma, chanzo kinaweza kuwa waya wa breki ya mkono.

Kabla ya kuinua gari

Watu huumia zaidi kwa jeki kuliko kwa breki. Jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa kubadilisha tairi tu, si kushikilia gari wakati mtu ana mikono au kichwa chini yake.

Chagua sakafu ngumu na tambarare. Mchanga na udongo wa uani huzama. Weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, vuta breki ya mkono, na weka kabari nyuma ya matairi yanayobaki chini. Legeza nati za tairi kidogo gari likiwa bado chini.

Baada ya kuinua, weka stendi ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tofali la saruji si mbadala, kwa sababu linaweza kupasuka ghafla bila onyo. Tairi ulilolifungua lilaze chini ya gari kama kinga ya pili. Kama huna stendi, kazi hii si yako leo.

Watoto wasiwe ndani ya gari wala karibu nalo. Katika familia nyingi mtoto ndiye anayeitwa "njoo ukanyage breki" wakati baba akiwa kwenye tairi. Gari likiwa limeinuliwa, hiyo si kazi ya mtoto. Mwombe mtu mzima.

Kisha kuna vumbi. Pedi na viatu vya breki vya zamani, na baadhi ya vipuri vya bei rahisi visivyojulikana vilikotoka, vinaweza kuwa na asbesto. WHO inasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na kwa macho huwezi kuitambua.

Hivyo usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa kompresa, na usifagie likiwa kavu. Lirushie maji kidogo kwa chupa ya kupulizia, au tumia dawa ya kusafishia breki, kisha futa kwa kitambaa kibichi na ukitie kwenye mfuko na kuutupa. Vaa barakoa inayobana vizuri, miwani ya kazi na glavu. Nguo ulizofanyia kazi zifuliwe peke yake, na usimbebe mtoto kabla ya kuzivua.

Hatua za kusafisha pini

Ondoa tairi. Kwa mbele, zungusha usukani ili kalipa ikae nje na uione vizuri. Jaribu kuzungusha diski kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi ni kawaida, lakini ikigoma kabisa, umepata mahali.

Hapa kuna kipimo muhimu, na kifanyike na mtu anayejua kutoa upepo kwenye breki. Akilegeza kidogo ile nati ndogo ya kutolea upepo na tairi likaachia mara moja, maana yake kuna mafuta yaliyonaswa. Paipu ya mpira ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kama bado limekaza, tatizo liko kwenye pini au pistoni. Kama hujawahi kutoa upepo, ruka kipimo hiki na anza na pini.

Fungua boliti ya chini ya kalipa. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani ni spana namba 12 au 14. Inua kalipa juu au iondoe kabisa, kisha ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ikining'inia kwenye paipu ya mpira, kwani uzito wake huichana kwa ndani.

Vuta pini moja baada ya nyingine. Pini nzima hutoka kwa mkono. Iliyokauka hugoma, au hutoka na unga wa kutu. Kumbuka ipi ilikuwa juu na ipi chini, maana baadhi ya magari huwa na pini zisizofanana, na mojawapo huwa na kimpira mwishoni.

Futa grisi yote ya zamani kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki. Usitumie petroli. Pini ikiwa na mashimo ya kutu au imepinda, inunuliwe mpya. Vimpira vyake vikiwa vimechanika navyo vibadilishwe, kwa sababu ndivyo vinavyozuia maji.

Sasa linakuja kosa linalofanyika sana: kupaka grisi yoyote iliyopo. Grisi ya kawaida na oili ya injini huvimbisha mpira wa breki, na baada ya wiki chache pini hukwama vibaya kuliko mwanzo. Inatakiwa grisi maalumu ya breki, ya silikoni au sintetiki, inayostahimili joto. Paka tabaka jembamba. Ikizidi, hewa hunaswa ndani na pini hurudi yenyewe.

Toa pedi na sugua kutu kwa brashi ya waya pale zinapokaa, ukiwa umeloanisha kwanza. Pedi inatakiwa kuteleza kwa mkono bila nyundo. Kama sehemu ya kusagika imebaki chini ya milimita 3, nunua seti mpya na ubadilishe kulia na kushoto kwa pamoja. Grisi isiguse diski wala uso wa pedi.

Mwisho, sukuma pistoni irudi ndani taratibu kwa klampu, ukiweka pedi ya zamani katikati. Kabla ya hapo angalia kichupa cha mafuta ya breki chini ya boneti, kwani mafuta yatapanda na yanaweza kumwagika na kubabua rangi ya gari. Pistoni nzima huingia kwa nguvu ya wastani bila kushtuka. Pistoni za nyuma kwenye baadhi ya magari huzungushwa kwa kifaa maalumu, hivyo usizilazimishe.

Kosa la mwisho kabla ya geti

Baada ya kurudisha kila kitu na kukaza boliti kwa kipimo cha kitabu cha gari, kuna hatua moja ambayo ikisahaulika inaweza kuleta maafa.

Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa kabla ya kusogeza gari. Ulirudisha pistoni nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza huenda hadi chini bila kushika kitu. Endelea hadi pedali iwe ngumu. Gari lililotoka uani kabla ya hapo halina breki, na mbele yake mara nyingi ni geti na watoto wa jirani.

Ukishalishusha gari, kaza nati za tairi kwa kupishana, si kwa kufuata mzunguko. Jaribu breki kwa mwendo wa mguu, kisha zunguka mtaa bila abiria. Pima tena joto la rimu. Kagua tena nati baada ya kilomita 80 hadi 100.

Hapa mwite fundi

Acha kazi na mwite fundi ukiona moja kati ya haya: pistoni inagoma kurudi au mpira wake umechanika, kuna unyevu wa mafuta karibu na kalipa au ndani ya tairi, paipu ya mpira imevimba au ina nyufa, pedali inakuwa laini, au taa ya breki inawaka kwenye dashibodi.

Usijaribu kutoa pistoni kwa upepo wa kompresa. Huruka kwa nguvu ya kuvunja vidole. Magari ya haibridi na yenye breki ya mkono ya umeme nayo yaachwe kwa fundi mwenye mashine yake, kwa sababu pampu yake inaweza kujiwasha yenyewe na kusukuma pistoni wakati mkono wako upo hapo.

Na kama mtu atakushauri uzibe paipu ya tairi moja "ili gari litembee kwanza", kataa. Gari lenye breki upande mmoja litavuta siku utakayohitaji kusimama ghafla.

Mafuta yaliyobaki yanakwenda wapi

Kazi ikiisha, chupa ya mafuta ya breki hubaki nusu. Katika nyumba nyingi mafuta kama hayo humiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji na kuwekwa stoo. Mtoto anayeona kimiminika chenye rangi ya sharubati kwenye chupa anayoijua hawezi kujua kuwa ni sumu.

Baadhi ya mafuta ya breki yana kemikali iitwayo daiethilini glaikoli, ambayo huharibu figo. Ni kemikali iliyotajwa Oktoba 2022 WHO ilipotoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia, pamoja na nyingine ya jamii yake, baada ya vifo vya watoto wasiopungua 66 vilivyohusishwa na kuumia kwa figo.

Mtoto aliyekunywa anaweza kuonekana kama amelewa, akatapika, kisha akaonekana amepona. Figo zinaweza kufeli siku moja hadi tatu baadaye, mkojo ukipungua au kukata. Kwa hiyo usisubiri dalili. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Mpeleke hospitali mara moja ukiwa na chupa yenyewe, ili daktari aone ni kitu gani.

Yakiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda kituo cha afya. Mtoto akiungua kwa rimu, weka kiganja kwenye maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si dawa ya meno, si asali wala ute wa yai.

Mafuta ya breki yabaki kwenye chupa yake yenye lebo, kifuniko kimekazwa, mahali pa juu penye kufuli. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu imeshanyonya unyevu na haifai tena kwa gari. Yaliyotumika yasimwagwe mtaroni. Yapeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Jumamosi moja ya kusafisha pini kwa utulivu inaweza kurefusha maisha ya pedi na diski. Lakini kama stendi haipo, pistoni imegoma au mashaka yamebaki moyoni, watoto wapande daladala Jumatatu na gari lisubiri fundi.